Vidonge vya Generosa

Kasulu,
Julai 2014

Mdogo wangu Pasikali,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini hapo Kibondo kifua kimetulia na wanafunzi hawakuchoshi. Sisi tu wazima, maharage tumekwisha kuyapiga. Ningekupigia simu, lakini jambo hili linataka maelezo.

Kama ulivyosikia, shemeji yako Generosa alikubali kuingia katika majaribio ya dawa za presha hospitalini. Ndani ya kila kidonge wameweka kidude kidogo kama punje ya ulezi. Kikilowa maji ya tumboni, hutoa ishara dhaifu. Bandiko lililo ubavuni mwake huipokea na kuipeleka kwenye simu ya daktari. Baadaye kidude hutoka pamoja na choo bila madhara. Si uchawi, ni kemia ileile niliyofundisha chuoni.

Mwezi uliopita Daktari Shadia alituita. Presha ya Generosa ilikuwa imepanda mno, na simu ilionyesha siku nyingi zisizo na kidonge, ingawa chupa ilikuwa ikiisha kwa wakati. Alisema presha ile ingeweza kumpoozesha, naye hawezi kumwongezea dawa bila kujua kama hizo alizonazo anazimeza. Generosa akamjibu kuwa kidude chao ni kiziwi, wakakitibu masikio kwanza. Daktari alicheka. Mimi sikuridhika.

Tulipofika nyumbani nilimweleza kwamba bandiko linajua jambo moja tu: kidonge hakikufika tumboni mwake. Halijui kilikwenda tumbo la nani. Aliendelea kupepeta maharage. Kisha akaniomba nisipige kelele, akasema kimoja humeza yeye, kinachofuata humwekea Herieth.

Ndiyo, Pasikali, mke wako. Alipimwa siku alipomsindikiza Generosa hospitalini, akakutwa na presha kubwa, lakini hakutaka kuandikiwa dawa. Kila akija sokoni kutoka Kagerankanda hupita hapa kuchukua vidonge. Nilipomuuliza kwa nini hakukwambia, alinikumbusha kwamba Krismasi ulimtania Generosa mbele ya wageni, ukasema presha ni ugonjwa wa wake wa maofisa, anayeshika jembe haimpati. Sote tulicheka, nami nikiwemo. Yeye aliogopa utasema ameanza uvivu wa kulima.

Dawa ya mtu mmoja haikumtosha hata mmoja wao. Daktari nimekwisha kumweleza, wala hakukasirika. Generosa sasa anameza vyake vyote na presha yake inashuka. Alhamisi Herieth atapimwa tena na kuandikiwa dawa zake mwenyewe. Atapata nafuu, sina shaka. Ameniruhusu nikuandikie kwa sharti moja, usimcheke. Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, upande basi Jumatano.

Generosa anakusalimu sana, na watoto pia. Herieth hakuagiza salamu. Anasema atakusalimu mwenyewe, akikuona umeketi naye kwenye benchi la hospitali.

Ni mimi kaka yako,
Crispin