Antena ya Mbetula

Jumatatu, 14 Aprili
Nukta ya kulungu haijaonekana kwenye ramani. Wiki nzima sasa.

Kila asubuhi, kabla ya kahawa, nafungua ramani na kumtafuta kulungu mmoja wa theluji, wa kufugwa, huko Inari, kaskazini kabisa mwa Ufini. Alipo yeye, Ilpo hayuko mbali. Tangu aniache hapa Oulu akarudi kwao kuchunga, sina njia nyingine ya kujua kaamkia wapi. Mimi nilibaki kwa ajili ya kazi. Kazi yenyewe ni antena ya mkanda wa shingoni wa kulungu wake, inayotuma mahali alipo: wino wa fedha, umechapwa kwa printa juu ya ubao mwembamba wa mbetula, mti wa gome jeupe. Hakuna plastiki. Mkanda ukidondoka porini, unaoza. Tuliupima Februari, ukafaulu vizuri mno.

Jumatano, 16 Aprili
Ilpo kapiga simu! Kumbe ni habari za ubao.

Theluji inayeyuka, kasema, kila kitu chapachapa. “Antena yako imelowa kama taulo, Kerttu. Majike wanakaribia kuzaa, namhitaji mnyama anayeonekana.”
Nikamwambia asiivue.
“Basi njoo uitazame mwenyewe.”
Nikasema kazi ni nyingi. Kazi ni nyingi! Akasema basi ataituma kwa posta.

Jumamosi, 19 Aprili
Pasaka, maabara imefungwa. Taisto, mwenzangu wa kazi, akasema twende saunani kwake: “Tutapima na kuoga humo humo.” Tukaweka ubao wa akiba kwenye benchi la juu, waya chini ya mlango. Akamwagia mawe maji. Mvuke ulipopanda tu, mstari wa mawimbi kwenye skrini ukateleza, ukapotelea pembeni. Ubao umekunywa maji.

Tulipima Februari, hita zinawaka usiku na mchana, hewa kavu kama biskuti. Ubao mkavu katika hewa kavu, halafu tukapongezana. Taisto alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Jumatatu, 21 Aprili
Nimeupaka ubao lami ya msonobari, ile ya kuzuia maji kwenye mashua. Mji huu ulitajirika kwa kuuza lami hiyo, na mimi nilikuwa nahangaika na gundi za kuagiza nje! Ilishusha masafa ya mawimbi kidogo, nikafupisha mchoro wa fedha, nikachapa upya. Saunani mara mbili: mstari haukutikisika.

Tatizo ni harufu. Ilpo hupaka lami hiyo kwenye skii zake, mbao za kutelezea thelujini. Sweta langu linanukia yeye, nimelala nalo. Namtamani, basi. Nimempigia nimwambie antena imepona. Hakupokea.

Alhamisi, 24 Aprili
Nukta imerudi! Niliruka kitini, Taisto akamwaga kahawa.

Kisha nikaona ilipo: nyumbani kwa Ilpo, haisogei. Imerudi kwa sababu imekauka. Itakuwa inaning'inia karibu na jiko. Kamvua kulungu mkanda.
Taisto kaniuliza nina nini. Nikasema macho yanawasha kwa wino.

Jumamosi, 26 Aprili
Inasogea. Ivalo asubuhi, kisha Vuotso, inashuka kusini kwa barabara kuu. Kulungu haendi mwendo huo.

Posta, bila shaka. Alisema posta. Nimejiambia hivyo nikifua, nimejiambia hivyo nikipika uji, ukaungua.

Saa saba: Rovaniemi. Ikasimama kidogo, ikaendelea.

Ila ishara ni kali mno. Ndani ya gari la posta, mabati pande zote, nisingepata hata kipande chake. Hii iko wazi, nyuma ya kioo cha gari, imeelekezwa juu. Siku ile namkabidhi nilimwambia: usiifunike, iache ione mbingu, ndipo nami nitaiona. Alinicheka. Kumbe alisikia.

Saa tisa na nusu: imepita Kemi, saa moja tu kutoka hapa. Nimewasha sauna yangu. Nikaizima, nisije nikaonekana nimengoja. Nimeiwasha tena. Sweta bado linanuka lami, sina muda wa kulibadilisha, na nukta sasa iko mlangoni kwangu.