Maoni ya Watazamaji wa Alder Notch na Taa ya Rangi ya Siagi

Jumapili, 12 Januari 2003

Kwangu mimi mwenyewe, Mheshimiwa,

YAH: KUFUNGULIWA KWA DAFTARI LA MAONI YA WATAZAMAJI

Kwa heshima zote, husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi, Alcide Therrien, fundi mstaafu wa kiwanda cha karatasi, umri miaka sabini na miwili, mwenye madarasa manane ya shule na kamusi tatu za nyumbani, nafungua daftari hili kwa madhumuni yafuatayo.

Kuanzia kesho saa mbili usiku, runinga itaonyesha tamthilia ya sehemu sita, usiku sita mfululizo, kuhusu watu wanaochukuliwa na viumbe wa angani na kurudishwa. Stesheni imetangaza kwamba itapokea maoni ya watazamaji kwa barua, na barua iliyoandikwa vizuri kuliko zote itasomwa hewani. Iliyoandikwa vizuri! Sipendi kujisifu, lakini katika bonde hili la Alder Notch nani mwingine?

Milima inatuzibia mawimbi. Dishi la maana ni moja tu, juu ya paa la Ukumbi wa Wakulima. Kwa hiyo mji mzima utatazama pamoja, na mimi nimeteuliwa mwenyekiti wa utazamaji, kwa sababu kitabu cha kanuni za mikutano ni changu.

Jambo moja la pembeni. Dadangu Hermine, anayeishi nyumba ya pili kutoka kwangu, hatakuja. Mwezi wa Novemba 1964 alisema taa ilishuka juu ya gari lake, akapotelewa na saa mbili za maisha yake. Mji ulicheka. Bado unacheka, kwa adabu. Naogopa tamthilia hii itawarudishia watu kicheko chenyewe, kile kisicho na adabu.

Jumanne, 14 Januari

Sehemu ya kwanza ilionyeshwa jana. Waliohudhuria: thelathini na watano. Viti vya kukunja vilitosha. Kahawa haikutosha.

Niligawa fomu zenye maswali manne, nafasi ya maoni ya ziada na mstari wa saini. Zimerudi ishirini na mbili. Nanukuu zilizo bora:

"Kwa nini kila mara wanamchukua mkulima mwenye gari bovu? Hawajui njia ya kwenda kwa madiwani?"

"Viumbe hawavai chochote, na ni Januari."

"Sauti ndogo. Alcide anakohoa."

Hii ya mwisho haihusu mada. Sitaipeleka stesheni.

Beulah Corliss, mtunza ukumbi, alilia mama aliporudishwa jikoni kwake akakuta mkate umeungua. "Mkate mzima, Alcide! Hao hawana mama?" Nimeandika: mtazamaji aliguswa na upotevu wa chakula.

Wendell Pickering, mwenye trekta la kusukuma theluji na mdomo usiojua breki, alisimama mwishoni akauliza kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, huyu Hermine wetu yuko wapi, mbona mtaalamu hayupo? Watu wakacheka. Nikagonga meza. Nikasema hoja iko nje ya utaratibu.

Nilichosema kilikuwa sahihi kikanuni. Hakikusaidia kitu.

Jumatano, 15 Januari

Sehemu ya pili ndefu mno. Wengi wamekubaliana. Mzee Corliss, mumewe Beulah, alilala tangu tangazo la kwanza hadi la mwisho, na bado amejaza fomu yote.

Asubuhi nilipita kwa Hermine kusukuma theluji mlangoni pake. Alitoa kichwa dirishani.

"Wendell amesema nini?"

"Wendell hajasema kitu cha kuingia kwenye kumbukumbu."

"Kaka, wewe hujui kudanganya. Unageuka kamusi."

Akafunga dirisha. Nikamaliza theluji. Nilipokuwa naondoka akafungua tena.

"Hiyo taa yao ni ya rangi gani?"

Nikamwambia ya bluu.

"Mh!" akasema. Basi.

Alhamisi, 16 Januari

Amekuja!

Saa mbili kasoro dakika tano, mlango ukafunguka, baridi ikaingia, na nyuma yake Hermine Therrien, miaka sitini na tisa, koti jekundu, kikapu cha kufuma. Akaketi mstari wa mbele. Akatoa soksi iliyofumwa nusu.

Wendell hakuweza kujizuia. Ni kama chafya kwake.

"Hermine! Tuambie basi, huko juu walikulisha nini?"

"Chochote walichonilisha, Wendell, kilikuwa na chumvi. Maharage ya mkeo nimeyala miaka arobaini, bado natafuta."

Ukumbi ukalipuka. Mke wa Wendell ndiye aliyecheka zaidi, anapigapiga goti. Wendell mwenyewe akavua kofia akainama. Nimeandika: mabadilishano ya heri.

Ikafika pale taa inaposhuka juu ya lori. Bluu, mwanga wa kuumiza macho, na muziki mzito. Hermine akasema, bila kuinua macho kwenye soksi:

"Wamekosea. Haikuwa ya bluu."

Hakuna aliyekohoa. Hata mimi. Beulah ndiye aliyeuliza, polepole, ilikuwa ya rangi gani basi.

"Ya siagi. Siagi iliyotoka nje ya friji muda kidogo. Na hapakuwa na muziki. Palikuwa kimya hata nikasikia saa yangu ya mkononi, halafu nikaacha kuisikia."

Akageuza soksi, akaanza mstari mwingine. Miaka thelathini na minane sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo juu ya jambo lile. Wala sijawahi kumuuliza.

Ijumaa, 17 Januari

Fomu zimerudi arobaini na moja! Rekodi. Na zote, naapa, zote zinazungumzia taa. "Taa iwe ya siagi." "Stesheni iwaulize watu waliokuwepo." "Bluu ni ya uongo, mwulizeni Hermine." Wendell ameandika kwa herufi kubwa: TAA MBAYA. CHUMVI NZURI.

Nimekaa na fomu hizi tangu kifungua kinywa. Nilipaswa kuanza rasimu ya barua ya stesheni. Badala yake inabidi niandike jambo ambalo sijaliandika popote, mimi ambaye nimeandika maombi ya daraja, ya taa ya barabarani, ya kubadilisha jina la kinamasi.

Usiku ule wa 1964 ni mimi niliyekwenda kumtafuta. Theluji ya kwanza ya mwaka ilikuwa imeanguka jioni na kukatika. Nilikuta gari lake karibu na kibanda cha kuchemshia utomvu mtamu wa miti kuwa sharubati, injini inaunguruma, mlango wazi. Yeye ameketi juu ya ukuta wa mawe, hatua mia moja kutoka pale. Viatu vikavu. Soksi kavu.

Na kati ya gari na ukuta hapakuwa na nyayo. Theluji safi kama karatasi.

Kesho yake askari alikuja na fomu. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu, ndio kwanza nimenunua kamusi ya kwanza. Nikaandika kwa mwandiko mzuri: "Nilimkuta akiwa amesinzia." Kweli, macho alikuwa ameyafumba. Nilidhani namkinga. Mwanamke aliyesinzia hapelekwi kwa daktari wa akili. Lakini sentensi ile ilizunguka mji mzima. Watoto wakamwita Mama Usingizi. Wajukuu wa watoto wale bado wanamwita hivyo.

Sentensi fupi, sahihi kisarufi. Ndiyo mbaya kuliko zote nilizowahi kuandika.

Jumamosi, 18 Januari, asubuhi

Sehemu ya tano nzuri. Mtoto aliyechukuliwa anawafundisha viumbe kucheza karata. Wanamwibia. Beulah kafurahi.

Leo ya mwisho. Nimepiga pasi suruali.

Jumapili, 19 Januari, saa nne asubuhi

Nawasilisha taarifa ya jana kwa ukamilifu, maana mambo yamekuwa mambo.

Sehemu ya sita iliisha saa tatu. Mwisho wenyewe haukueleweka. Taa, watu wanatazama juu, basi. Minong'ono. Nikasimama kugawa fomu. Hermine akainua mkono.

"Mwenyekiti, nina hoja."

Sijawahi kumsikia akiniita hivyo. Nikampa nafasi.

"Tangu mwaka wa sitini na nne mji huu unanipigia kura kwa macho. Dukani, posta, kwenye foleni ya kanisa. Nimechoka kuhesabu macho. Ipigwe kura kama kwenye mkutano wa mji wa mwezi wa Machi. Je, Hermine Therrien alichukuliwa, ndiyo au hapana. Mkisema hapana, nakwenda nyumbani na soksi zangu, wala sitawanunia. Lakini nijue."

Wendell akapiga kelele kwamba anaunga mkono. Sikuwa na njia. Hoja ilikuwa sahihi.

Nikaita mikono. Iliinuka miwili: ya Beulah, na ya Mzee Corliss aliyekuwa ameamka papo hapo akidhani ni zamu ya kahawa. Nyuso nyingine zote zikatazama sakafu. Hermine akatikisa kichwa, tena anatabasamu, kama mtu aliyeuliza bei ya kitu anachokijua.

Hapo Beulah akafanya jambo. Akachukua fomu yangu moja, akaigeuza, akaandika ombi la kura ya siri. Kanuni yetu inajulikana hata kwa mbwa wa mji huu: wapiga kura watano wakiomba kwa maandishi, mikono inashuka na sanduku linatoka. Akasaini. Akasaini mumewe. Mke wa Wendell. Bwana wa posta. Mstari wa tano ukabaki wazi, karatasi inapita mkono kwa mkono, hakuna anayetaka kuonekana. Hadi ikamfikia Wendell.

"Nipeni kalamu," akasema. "Mimi nimemcheka kuliko ninyi nyote. Angalau nimcheke kwa siri."

Akasaini.

Sanduku likatolewa kabatini, lile la mbao lenye tundu. Watu wakaingia mmoja mmoja nyuma ya pazia la jukwaa. Hermine hakupiga, alisema mwenye kesi hakai barazani. Mwenyekiti naye hapigi. Kura arobaini na mbili.

Nilizihesabu mbele ya mashahidi wawili. Nikazihesabu tena. Beulah akazihesabu mara ya tatu.

Hapana: ishirini na moja.

Ndiyo: ishirini na moja!

Kelele zilizotokea siwezi kuziandika. Ishirini na moja! Kila mtu akimtazama jirani yake: ni wewe? Ni wewe? Bwana wa posta ameshika kichwa. Mtu nyuma akasema hata yeye aliona kitu mwaka wa themanini na tatu, juu ya uwanja wa beziboli, akanyamaza kwa kuogopa benki isimnyime mkopo wa nyumba. Mwingine akasema, "Mbona hukuniambia? Nilikuwa na wewe!" Hermine ameketi katikati ya ghasia ile, soksi mapajani, uso unang'aa.

Kisha mmoja baada ya mwingine wakakumbuka kanuni. Wakanigeukia.

Kura zikilingana, mwenyekiti huamua.

Nilisimama pale. Nikafungua kitabu cha kanuni. Nikasema, kwa mujibu wa kifungu cha kumi na tisa, naahirisha kikao hadi kesho saa saba mchana, wakati wa chakula cha maharage cha kanisa, humuhumu Ukumbini.

"Alcide!" Wendell akapaza sauti. "Hata wale wa angani humrudisha mtu usiku uleule!"

Jumapili, 19 Januari, saa saba kasoro robo mchana

Naandika jikoni mwa Ukumbi. Nje ya mlango wameshakaa. Wamekuja wengi kuliko jana. Nasikia masufuria, vijiko, vicheko. Wanabishana kama taa ya siagi inaweza kuonekana kutoka barabara kuu.

Mezani: sanduku, karatasi moja tupu, penseli.

Hermine ameingia sasa hivi kuchukua sukari. Ametazama karatasi, akanitazama mimi.

"Sikuombi kura, kaka."

"Najua."

"Wala sikulaumu kwa yale ya askari. Ulikuwa na kamusi mpya."

Akachota sukari vijiko vitatu, vyote vya Wendell.

"Ila usiahirishe tena. Maharage yanapoa."

Akatoka. Amevaa zile soksi alizokuwa anafuma wiki nzima. Rangi yake sikuwa nimeiangalia vizuri. Ni ya siagi.

Nikiandika "ndiyo", wataniuliza kwa nini. Mji huu hauniruhusu neno moja lisilo na maelezo, nimewazoeza mwenyewe. Itabidi nisimame nisome kwamba hapakuwa na nyayo, na kwamba nilijua, na kwamba tangu siku ile nimekuwa nikiwaandikia barua watu wote isipokuwa dadangu. Nikiandika "hapana", kila kitu kitabaki kimesinzia.

Beulah anagonga. Anasema mwenyekiti anaitwa. Wendell anaimba.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, yaani mimi mwenyewe, kwa kuwa maelezo yote yamewasilishwa mbele yako, na kwa kuwa hakuna kifungu kingine cha kukimbilia, nimechonga penseli na nimeishika juu ya karatasi.

Naomba uamuzi wako: ndiyo au hapana.