Ustadhi wa Kwenye Simu

Tumbi, Kibaha
Jumatano, mchana

Dada yangu Mwanajuma,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Natumai karatasi hii imewakuta salama, wewe na Shemeji, na kwamba miguu ya Mama haimsumbui sana na baridi ya mvua hizi za Kisarawe. Sisi huku ni wazima wa mwili, alhamdulillahi. Utashangaa kuletewa barua na Bi Petronila badala ya kupigiwa. Anarudi huko leo akitoka kliniki, nami simu siiamini tena.

Unamkumbuka ustadhi niliyekusifia wakati wa mfungo? Madrasa ya mtaani kwetu ilipofungwa, nilimtafutia Rahma darasa la mtandaoni. Kwenye simu yangu ya zamani nilifuta miziki na video zote, nikabakiza Qur'ani tu, nikajiona nimemaliza kazi ya mzazi. Mtoto wa miaka kumi na mitatu yuko chumbani kwake anasoma Yasini, ningehofia nini? Sikuuliza ustadhi ni nani wala anatoka msikiti gani. Sauti yake ilinitosha.

Kumbe alimtoa kwenye darasa la wenzake, akawa anamfundisha peke yake. Siku moja akamwambia avue mtandio ili aone koo linavyotamka herufi. Alipovua, akampiga picha. Tangu hapo akawa anamwambia kwamba akikosa darasa au akisema neno, picha itakwenda kwa baba yake na kwa kila jina lililomo kwenye simu. Akataka na nyingine. Rahma anasema hakumpa, nami namwamini. Mimi nilikuwa naona tu mtoto hali chakula vizuri na analala na hijabu. Nikadhani ni ucha Mungu.

Nilijua siku kumi na moja zilizopita, ujumbe wa ustadhi ulipoingia wakati naichaji simu. Niliichukua, lakini sikumkomesha. Nimekuwa nikimjibu mimi, kana kwamba ni Rahma. Leo naumwa, ustadhi. Leo tuna wageni. Nikikaa kimya nusu siku, anaandika kwamba anaanza na baba yake. Ofisini nachapa barua za watu huku simu iko kifuani, ikitetemeka. Baba yake mwenyewe, Mwinyimadi, anaondoka kwenda Dar jua halijatoka, na akirudi akiniuliza nina nini, namwambia ni uchovu. Alikwisha sema zamani kwamba simu itamharibu binti, nami naogopa atamwachisha shule. Kuizima siwezi, kuiacha siwezi, kusema siwezi.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Ramadhani ile ile Rahma alinijia jikoni akasema, "Mama, sitaki kusoma na ustadhi peke yangu." Nilimjibu kwamba ni shetani anamtia uvivu, asimkosee adabu mwalimu wake. Wadogo zake walikuwa wanapiga kelele, basi niliiegemeza simu kwenye mto kwa mkono wangu, nikatoka, nikamfungia mlango. Mlango niliufunga mimi, Dada.

Jana nilimwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Acha atume, Mama. Mimi nimechoka kumsubiri."

Kwa hiyo jioni hii namwambia baba yake, na kesho asubuhi tunakwenda polisi, dawati la jinsia na watoto, na simu yenyewe mkononi. Sitamjibu tena. Huenda picha ikakufikia kabla ya karatasi hii. Usimtumie mtu, wala usiifute kwanza, maana polisi watataka kuona namba iliyoituma. Mama mweleze wewe, taratibu, na umwambie kosa ni la nani.

Ukipata nafasi, njoo Ijumaa. Msalimie Shemeji na majirani wote. Rahma anakuamkia. Amekaa hapa mezani pembeni yangu, na simu imeshalia mara nne tangu nianze ukurasa huu. Hakuna aliyeishika.

Wassalaam,
Mdogo wako,
Hajira