Utusindikize Hadi Njia Panda Tu

Mpendwa mama mkwe,

Mjukuu wako Righa ameoa. Nadhani habari hizi zimeshakufikia huko uliko, maana hakuna jambo la ukoo huu lililowahi kukupita ukiwa hai, na sidhani kama kufa kumekubadilisha. Hata hivyo nakuandikia. Kuna sehemu moja ya arusi hiyo ambayo nataka uisikie kutoka kwangu kabla binti yako Mkawasi hajaja kaburini kunishtaki. Ni mambo ya fungate.

Bibi arusi anaitwa Mwende. Ni mwalimu kule Mboghoni, upande wa Taveta, msichana mwembamba mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake. Righa naye ni muuguzi Nairobi, leo zamu ya mchana, kesho ya usiku. Wamechumbiana kwa simu zaidi ya ana kwa ana, na baada ya arusi ilibidi kila mmoja arudi kazini kwake mpaka Mwende apate uhamisho. Kwa hivyo ile wiki moja ya baharini ndiyo ingekuwa nyumba yao ya kwanza.

Walikuja dukani kwangu hapa Voi nikiwa nimeinamia cherehani, pini mdomoni.

"Mama, utupangie wewe," Righa akasema. "Si wewe na Baba mlienda fungate pwani? Wewe unapajua."

Pini nusura nizimeze.

"Mnataka nini hasa?" nikauliza. "Kuna watu wanaenda kupanda ngamia, kuna wanaopelekwa kwa mashua kuangalia samaki."

Mwende akatikisa kichwa. "Kulala, Mama. Kulala na kuangalia maji. Tusiamshwe na mtu."

Tusiamshwe na mtu! Mama, nilikukumbuka hapo hapo.

Mpaka siku hiyo Righa alikuwa hajui kwamba fungate yetu ilikuwa ya watu watatu. Mwanao Mwakio hajawahi kumwambia, na mimi niliona ni heshima ninyamaze. Lakini wewe unakumbuka. Ulianza kwa kutusindikiza tu. Kwenu Werugha mgeni haagwi mlangoni, hutolewa mpaka njiani, na kadiri mtu anavyompenda ndivyo anavyokwenda naye mbali. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito hata ng'ombe tulikuwa tunawasikia bila kuwaona. Ukatoka nasi na sweta yako nyekundu, kikapu kichwani, ukasema unatufikisha njia panda.

Njia panda gari likaja, ukaingia. Ukasema utatuteremsha Wundanyi, si vizuri maharusi wajibebee mizigo. Wundanyi ukasema Voi kuna wezi. Voi tukapita kwetu, mama yangu mzazi akakupa chai, akakuuliza kwa adabu zake zote, "Sasa mama, unarudi na gari gani?"

Ukapuliza chai. "Nawafikisha Mombasa kwanza. Hawa watoto hawajui kuvuka feri."

Na wewe mwenyewe feri hujawahi kuiona hata kwenye kalenda.

Mwakio akaniangalia, nikamwangalia. Nani angekuambia urudi? Mimi nilikuwa mke mpya, rangi ya hina haijanitoka. Yeye mpaka leo, na mvi zake, akisikia mtu anakutaja anakaa wima.

Tulifikia Likoni kwa mpwa wako, yule aliyekuwa mpishi wa nyumba ya watu, kwa sababu kwenu mtu hawezi kulala kwa kulipia mji ambao una ndugu. Alituachia chumba chake, akaenda kulala kazini. Chumba kimoja, kitanda kimoja, pazia la maua katikati. Maharusi upande huu, wewe na kikapu chako cha kabichi upande ule. Ulikuwa muungwana, sikusingizii. Ukitaka kugeuka ulikohoa kwanza. Lakini alfajiri, jua halijapata hata nafasi ya kunawa uso, tukasikia: "Maharusi! Mnalala mpaka saa hizi mna mgonjwa?"

Ukatuongoza ufukweni kwa miguu. Ukasimama pale penye mivinje, mikono kiunoni, ukaitazama bahari kwa muda mrefu. Halafu ukauliza, "Hii yote nani anailima?"

Mwakio akakwambia hailimwi. Hukuamini. Ukalalamika kwamba sisi huko juu watu hawasalimiani kwa ajili ya mfereji mmoja wa kumwagilia, na huku maji yamelala bure. Ukateremka, ukachota kwa kiganja, ukaonja. Ukatema.

"Kumbe yameharibika," ukasema, na nikaona kabisa kwamba umeisamehe bahari.

Kisha ukakata tawi na kuanza kufagia. Mama, ulifagia ufuo! Watu waliokuja kuogelea walikuwa wanaruka ufagio wako na kukuamkia.

Nilikasirika, nikuambie ukweli. Nilikaa kando kwenye mchanga nimenuna, mtoto wa Voi niliyezoea jua, nikifikiria marafiki zangu watakavyonicheka. Ukaja ukaketi karibu nami, miguu umeinyoosha mawimbi yaifikie. Kila wimbi likija ulinishika mkono kwa nguvu, likirudi uliuachia. Hapo ndipo uliponiambia.

"Mimi niliolewa Jumamosi," ulisema. "Jumapili tukaenda kanisani. Jumatatu mama mkwe akanipa jembe." Wimbi likaja, ukanibana mkono. "Si kwamba alikuwa mbaya. Ilikuwa msimu wa kupanda. Lakini nimekuwa nikijiuliza, mtu akiolewa halafu akapumzika, inakuwaje? Nikasema niwasindikize nione."

Sikuweza kuendelea kununa baada ya hapo. Nilikuuliza, "Na sasa umeona?"

Ukawaza. "Inachosha kidogo," ukasema. "Hakuna kazi."

Basi nimekaa na maneno hayo miaka yote. Nilipoanza kumpangia mjukuu wako nilijiona mtaalamu. Nikachagua nyumba ndogo za kulala wageni upande wa Tiwi, pametulia kuliko Diani, hapana muziki, hapana watu wa kukuuzia shanga kila ukifumbua jicho. Nikauliza habari za maji kupwa na kujaa, ili wasifike wakakuta bahari imekwenda matembezi. Nikahakikisha chai ya asubuhi inapatikana hata mchana. Ratiba sikuweka. Righa akashangaa, nikamwambia kupumzika kwa ratiba ni zamu nyingine tu. Nilijipongeza sana kwa maneno hayo.

Kisha nikapiga simu kuweka nafasi. Msimamizi wa pale ni mama mmoja wa Kiswahili, Bi Zuhura, sauti kama ya mtu anayekuna nazi polepole.

"Kwa hivyo ni vyumba viwili, mama," akasema. "Nimeviandika."

"Viwili?"

"Ndivyo ulivyosema. Maharusi wamegombana kabla ya kuoana?"

"La, hawajagombana."

"Basi hicho cha pili cha nani?"

Mama, nakuapia sikuwa nimekusudia. Mdomo ulijiendea wenyewe, kama miguu yako siku ile. Nilikuwa nimeshajiwekea chumba kwenye fungate ya mwanangu, na kwa mbali nilikuwa nimeshafikiria nitabeba kabichi au viazi.

"Kiache kwanza," nikamwambia. "Nitakupigia."

Nilipata aibu, lakini haikuniondolea ile hamu. Righa ndiye mtoto wetu wa pekee. Na kama ningekwenda, ningefanya kosa gani? Wewe ulikwenda, na leo hiyo ndiyo kumbukumbu ninayoipenda kuliko zote. Ndivyo nilivyokuwa nikijidanganya nikipiga pasi suti za watu.

Aliyenizindua ni Mkawasi. Kwenye mkutano wa kamati ya arusi, tulipofika habari za fungate, akasimama na kuuliza, "Maharusi waende kama mayatima? Nani atawapokea huko?"

"Mwenye nyumba," nikasema.

"Ni ndugu yetu?"

"Hapana."

"Basi hawajapokelewa." Akageukia watu. "Kwaya iko tayari kuwasindikiza. Basi la kukodi lipo. Sare wifi alishatushonea mwenyewe."

Watu wakapiga makofi. Nikamtazama Mwende. Alikuwa anatabasamu kwa adabu, lakini vidole vyake vilikuwa vimekamata ukingo wa meza kama mtu aliye kwenye mashua. Nikajua kwamba nisiposema mimi hakuna atakayesema. Yeye ni mgeni kwetu, hawezi. Righa ni mwana wa Mwakio, na hiyo yatosha kueleza.

"Wifi," nikasema, "waache waende peke yao."

"Wewe mtu wa Voi, jua limekukausha huruma. Mama aliwasindikiza nyinyi mpaka baharini. Mlikufa?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana alikuwa amenipata. Nikamvuta kando, nje ya ukumbi, nikamwambia yale uliyoniambia penye maji. Ya Jumamosi, na Jumapili, na jembe.

Mkawasi alisahau kubishana. Wewe unajua jinsi hilo lilivyo adimu.

"Mimi hakuwahi kuniambia," akasema.

"Wewe ulikuwa bado msichana mdogo. Mimi nilikuwa nimenuna, akataka kunibembeleza."

Akajifuta macho kwa pindo la leso. "Kwa hivyo alikuwa anatafuta ya kwake."

"Ndiyo. Lakini hawa wana ya kwao, na ni wiki moja tu. Tukiingia sote itabaki nini?"

Akafikiri, kisha akajikaza. "Kimanga watabeba."

"Kimanga watabeba," nikakubali, ingawa sote wawili tulijua kwamba viazi na maharagwe yaliyopondwa, kwa joto la huko, hayatafika Mariakani yakiwa na amani.

Asubuhi ya kuondoka kwao nilivaa vizuri. Mwakio aliniangalia miguu tukiwa mlangoni. "Mke wangu," akasema, "hivyo viatu ni vya kusindikiza au vya kusafiria?"

Nikatangulia kwenye gari. Alikuwa ananionea, kwa sababu alikuwa na haki.

Stesheni ya treni kulikuwa na jua la Voi unalolijua, lile ulilokuwa ukisema linakaanga mtu bila mafuta. Mkawasi alikuja na chungu kimefungwa kwa leso, akamwagiza Righa namna ya kukishika kana kwamba anamkabidhi mtoto mchanga. Tukawafikisha karibu na lango. Askari akaniuliza, "Mama, na wewe unasafiri?"

Kabla sijafungua kinywa Mwende akageuka. Kumbe Righa alikuwa amemwambia habari za chumba cha pili, maana Bi Zuhura alimpigia Righa kuthibitisha. "Mama," akasema kwa sauti ya chini, "si uje tu, hata siku mbili? Chumba kipo."

Alimaanisha. Hilo ndilo lililonichoma. Angenipokea vizuri, angenisikia nikikohoa nyuma ya pazia na kufurahi, na wiki yake ingekwisha bila kuwa yake.

"Asante, mwanangu," nikasema. "Mimi njia panda yangu ni hapa."

"Tukifika tutakupigia."

"Mkipiga nitakata."

Akacheka kile kicheko chake mpaka askari akacheka. "Na usiposikia habari yetu?"

"Nitajua mmelala."

Akanikumbatia, kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na mkono wake ukanibana kama wako ulivyonibana wimbi likija. Kisha akaniachia. Wakaingia. Sisi watatu tukabaki nje tukipunga mikono hata baada ya treni kuondoka, kama watu waliosahau kazi iliyowaleta.

Tulikuwa hatujafika nyumbani simu ikalia. Bi Zuhura. "Mama, kile chumba cha pili nikifute?"

Nikamwangalia mwanao, ameshika usukani, kofia imekaa upande. "Usikifute," nikasema. "Kisogeze mpaka hao watoto waondoke."

"Sasa waja wewe na nani?"

"Na bwana arusi."

Mwakio nusura aingize gari mtaroni. "Bwana arusi gani?"

"Wewe, mzee. Ulikuwa unadhani nani?"

Akainyoosha kofia yake. Halafu akauliza, kwa wasiwasi wa kweli, "Na kuku?"

"Mkawasi ataangalia kuku," Mkawasi akasema kutoka nyuma, bila kuulizwa. "Nendeni. Na mimi zamu yangu nitaidai, msifikiri nimesahau."

Watoto wamerudi. Hawakupiga simu hata mara moja, na mimi, sitakudanganya, siku ya pili nilijifungia stoo ya vitambaa nikalia kidogo. Lakini ungewaona walivyorudi. Wanatembea polepole. Mmoja anaanza sentensi, mwingine anaiacha imalizike. Kimanga walikula chote kabla ya treni kufika Mombasa, au ndivyo walivyomwambia shangazi yao, na mimi sikuuliza zaidi. Jana kila mmoja alirudi kazini kwake, na barua ya uhamisho tunaisubiri.

Kesho ni sisi. Nimefunga nguo chache. Sweta yako nyekundu, ile niliyoirithi, nimeiacha kabatini na kulifunga kabati kwa ufunguo, kwa sababu nakujua. Nitakaa penye mivinje nimenyoosha miguu, na kama hapatafagiwa, hapatafagiwa. Mwakio tayari anauliza atavaa nini. Anaogopa, nadhani. Tumekaa miaka mingi hatujawahi kuwa wawili tu, bila kazi mkononi, na sijui tutaongea nini. Nikirudi nitakueleza inavyokuwa.

Kwa hivyo nakuomba jambo moja, Mama. Kesho utusindikize, mila ni mila, na bila wewe sitaona kama nimeagwa. Tushike mikono, utubebee hata mzigo ukitaka. Lakini tukifika njia panda, urudi.

Wako akupendaye,
Mke wa mwanao, mtu wa jua