Pikipiki Yako Ilifika Beni

Yaya Kambale, kaka yangu,

Usikasirike. Nimeipanda pikipiki yako. Nimekwenda nayo kutoka Butembo mpaka Beni, nikarudi na Mama nyuma yangu. Najua ungekuwepo ungenifukuza uwanja mzima na spana mkononi, halafu ungeinama kuangalia kama nimekwaruza tangi kabla hujaniuliza kama mimi mwenyewe ni mzima. Tangi halijakwaruzwa. Mimi nimechoka, kama unataka kujua.

Nimekaa kwenye benchi lako la kazi. Ukungu haujatoka mlimani na mikono yangu inanuka esansi, petroli ya pikipiki yako. Hata sabuni ya mawese imeshindwa. Nimejaribu kukuandikia tangu wiki ile, lakini kila nikianza nasinzia. Siku hizi nalala nikiwa nimesimama, Yaya. Huzuni inachosha kuliko kulima, na hilo hakuna aliyeniambia.

Sijui unakumbuka nini. Homa ilikuwa imekupanda kichwani na ulikuwa unaniita kwa majina ya wateja wako. Barabara ya Beni ilikuwa imefungwa na mapigano, na Mama alikuwa amebaki upande ule, kwa Mama mdogo, kule mtaa wa Ruwenzori, alikokwenda kumsaidia baada ya kujifungua. Uliondoka bila yeye. Baba mdogo alitaka tumngoje, lakini mwili hauwezi kungojea askari wamalize vita vyao. Tulikuzika. Wakati wa kutupa udongo watu waligeuka kumtafuta mama wa marehemu, wakakuta ni mimi tu.

Na unajua desturi yetu. Mama hapelekewi kifo cha mtoto wake kwa redio. Pale parokia kuna ile phonie, redio ya kuongea na watu wa mbali, watu wanapanga mstari kusema na ndugu zao wa Beni, na kila mtu anasikia maneno ya mwenzake. Baba mdogo alishika mashine ile, akakohoa, akasema: "Kambale iko na homa kidogo. Barabara ikifunguka, mama yake akuje." Basi. Mengine yangemngoja nyumbani. Angeketishwa kwenye mkeka wake, wanawake wenzake wamzunguke, mmoja amshike kiuno asianguke, ndipo mkubwa wa familia afungue kinywa. Ndivyo alivyoambiwa kifo cha Baba. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja: kumleta Mama mpaka kwenye ule mkeka bila yeye kujua.

Barabara ilipofunguka, magari bado yaliogopa. Paluku, huyu rafiki yako ambaye sasa anakaa hapa karakana kana kwamba utarudi kumgombeza, ndiye aliyesema: "Tuunge ile pikipiki ya Kambale." Nilimwambia ana wazimu. Pikipiki ambayo hukuwahi kumpa mtu hata aisukume! Ilitoka kwenye katoni vipande vipande, ukaifunga mwenyewe, Mama akaipeleka kwa padri ikamwagiwa maji ya baraka, na ulipoona matone yamebaki kwenye taa ukayafuta kwa kitambaa mbele ya padri. Mama aliona haya mpaka akacheka. Ulikuwa unaizungusha hapa mtaani taratibu, eti injini mpya inafundishwa kutembea kama mtoto. Nilipokuomba niipande ukasema: "Hata askofu akiniomba, ataenda kwa mguu." Uliniacha nijaribu za wateja, zile zisizo na breki.

Halafu askari wakaanza kuchukua kila pikipiki inayong'aa, ukaifungua tena yote, ukaitawanya mtaani kama mbegu. Sasa ilibidi tuikusanye. Magurudumu tuliyapata kwa Baba mdogo, juu ya dari. Tangi lilikuwa kwa jirani, chini ya maharage. Injini tuliifukua nyuma ya migomba, umeivisha nailoni vizuri kuliko tulivyokuvisha sisi. Nisamehe, sikupenda kuandika hivyo, lakini ndiyo kweli.

Kabureta haikuonekana. Paluku alipekua kila mahali. Alipekua mpaka mfuko wa nguo za Mama, nikamfokea. Tulikaa uwanjani tumekata tamaa, na mimi kwa hasira nikaenda kumtoa yule kuku mwekundu aliyekuwa analalia siku nyingi bila kutotoa kitu. Kuku akanidonoa. Chini ya majani ya kiota, ndani ya soksi yako, kabureta! Yaya, nilicheka mpaka nikakaa chini. Paluku naye alicheka, kisha tukaacha wote wawili, kwa sababu mtu wa kuchekwa hakuwepo.

Haikukubali kuwaka. Nilipiga kiki mpaka kisigino kikavimba. Paluku alitoa buji, ile plagi ya kuwashia, akaisugua, akairudisha, hakuna. Mwishowe nilifungua kabureta mwenyewe nikakuta unyoya umeziba pale kitunduni esansi inapopita. Nikaupuliza. Ikawaka mara moja, sauti nyororo, ile ile. Jirani alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaona ni sisi, akarudi ndani. Tuliipaka matope na mafuta machafu, tukafunga kiti kwa gunia lililochanika, ionekane ni mzee wa kazi. Niliumia kuipaka. Paluku hakuweza kwenda, maana wanaume waliokuwa wakiendesha walikamatwa kubeba mizigo ya askari. Mwanamke kama mimi angepita.

Sitakueleza njia yote. Kijiji cha Maboya kimya, milango imefungwa. Kilimani Kabasha, matope mpaka magotini. Nilianguka mara moja, mguu wangu ukaumia. Pikipiki yako iko salama. Kwenye bariyeri moja, kizuizi cha barabarani, askari aliyetoka mbali, kijana wa macho mekundu, alisimama mbele yangu akauliza ninakokwenda, "Okei wapi?" Nikavuta choki ya kabureta ili injini ikohoe na kutoa moshi. Nikasema, "Naenda kutwaa mama, mutoto yake iko mugonjwa." Akaizunguka, akaipiga teke gurudumu, akamwambia mwenzake kwa Lingala kwamba hiyo ni ya zamani, waache ipite. Sikusimama tena mpaka Beni.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo tulipokosea, sisi wote, Baba mdogo na watu wazima wote waliopanga mambo yale. Tulilinda midomo. Tulilinda phonie, tukasahau injini. Kule Ruwenzori, wenye pikipiki mpya walikuwa wamezificha, zilizobaki zote zilikuwa zinakohoa. Mama aliisikia sauti nyororo ya hii yako kutoka mbali. Alitoka nje mbio, unga wa muhogo mikononi, anacheka, anaita mtaa mzima usikie: "Kambale! Kambale yangu amekuja!"

Akaniona mimi.

Alisimama. Kicheko kilibaki usoni kidogo, kisha kikaondoka. Nilizima injini. Nikasema maneno niliyopewa: "Shikamoo Mama. Yaya iko na homa kidogo. Baba mudogo anasema ukuje." Aliitazama pikipiki muda mrefu, matope yake, gunia lake, kisha akanitazama mimi niliyeipanda. Akasema tu, "Ngoja ninawe." Alipotoka alikuwa amevua hereni, na kikwembe, kitenge chake, amekifunga kiunoni kwa nguvu. Mama mdogo alimletea chakula, akakisukuma kando. Nami mjinga nikajiambia: afadhali, hajui.

Alipanda nyuma, akanishika. Kitu pekee alichosema mpaka tunavuka daraja la kwanza kilikuwa: "Polepole, Kavira. Hapana iumize." Mvua ilitukuta tukipanda Kabasha, ikatuloanisha, ikaacha. Upepo ukakausha nguo zangu zote isipokuwa mahali pamoja, katikati ya mabega, alipokuwa ameegemeza uso. Pale palibaki maji, tena ya moto. Nilidhani amelala, ni pumzi yake. Niliendesha taratibu nisimwamshe. Yaya, nilikuwa nafurahi kwamba angalau amepata usingizi.

Nyumbani walikuwa tayari. Mkeka umetandikwa, wanawake wamejipanga, yule mnene wa kumshika kiuno ameshakaa mahali pake. Mama alishuka mwenyewe. Baba mdogo akaanza kutoka mbali, kwamba ugonjwa ulikuwa mkali, kwamba sisi binadamu tunapanga na Mungu naye... Mama akainua mkono.

"Muache, shemeji. Nilishajua kule Beni. Kambale hawezi patia mutu ile pikipiki kama angali anapumua." Kisha, bila kupandisha sauti: "Nimeshamulilia njia muzima, mu mugongo ya Kavira. Sasa munionyeshe pahali analala."

Tukampeleka. Aliinama, akachukua udongo, akauponda mkononi mpaka hauna bonge hata moja, ndipo akauweka juu yako. Aliuliza nani alikuosha. Aliuliza kama tulikuvisha soksi, kwa sababu miguu yako ilikuwa inasikia baridi tangu utotoni. Nilisema ndiyo. Tulikuvisha, Yaya, usihangaike.

Tangu siku ile ninafanya kazi na pikipiki. Napeleka samaki waliotoka Kyavinyonge, kule ziwani, kwa wanawake wa soko, namrudisha mgonjwa huyu, namchukua mkunga yule. Paluku ananisaidia kufunga na kufungua. Tunakula. Mama anapika, anaongea, hata juzi alinicheka nilivyopakaa mafuta usoni. Ungemwona ungesema amepona.

Lakini kila nikirudi jioni na injini ikasikika kutoka chini, Mama anatoka. Anaacha chochote alichoshika, anasimama mlangoni, na kabla hajaniona vizuri, uso wake unakuwa kama ule wa Beni. Ni kitambo kidogo tu. Kisha ananiona, anasema, "Karibu, Kavira," anarudi ndani. Hajawahi kunilaumu. Sidhani kama anajua kwamba anafanya hivyo. Mimi ndiye ninayekaa pale uwanjani na funguo mkononi nikishindwa kushuka.

Basi nakuaga, Yaya, lala. Wasingya, asante kwa yote, hata kwa spana ulizonitupia. Pikipiki sitaacha kuipanda, ukitaka kununa nuna. Na hili moja nakuahidi: kuanzia leo nitaizima kule chini kwenye kona, na kilima chote kilichobaki nitaisukuma kwa mikono, hata ikiwa na mzigo, hata kwenye mvua, Mama asinisikie mpaka nibishe hodi kwa jina langu.

Mdogo wako,
Kavira