Praima ya Zahanati ya Mezani

Jumatatu, 14 Julai 2025

Zahanati imekuja! Tumeiomba tangu mjukuu wangu Joyness hajaota meno. Leo imeshuka kwenye bodaboda, ndani ya boksi la biskuti. Ukuta mmoja ni saizi ya kipande cha sabuni.

Ofisi ya mradi imesema kwanza modeli, zahanati baadaye. Jumatatu ijayo Mgeni Rasmi anakuja kuitazama. Akiridhika anatia saini, na kilichomo kwenye modeli ndicho kitakachojengwa. Bwana Sylvester wa mradi kasema mara tatu: kisichomo, hakimo. Anavaa tai kwenye jua hili. Shingo imekuwa kama ya kuku aliyenyonyolewa.

Kuitengeneza kapewa Joyness. Kazi yake ya kwanza tangu amalize chuo cha ufundi. Kaja kuifanyia kwangu, maana chumba chake cha mjini Bariadi hata kitanda kimeingia kwa ubishi.

Ana kifaa kama kalamu. Mpira unatoka kwenye kompresa, na kompresa inanguruma kama ng'ombe aliyevimbiwa. Unatia rangi kwenye kikombe kidogo, unabonyeza, unatoka ukungu. Rangi ya kwanza ni ya kijivu, inaitwa praima. Bila hiyo, rangi nyingine haishiki kwenye plastiki. Kabonyeza. Ukungu mzuri! Kabonyeza tena. Ikaanza kutema mate. Halafu kimya. Imeziba.

Kafungua, kaosha, kafunga. Imeziba. Mara sita hivyo. Mara ya saba kalia.

Nimempa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na maziwa. Mtu mwenye njaa hazibui kitu.

Jumanne, 15 Julai

Siku mbaya. Makosa mawili, moja lake, moja langu. Langu ni kubwa zaidi.

Lake: kasoma kwenye simu kwamba rangi nzito inalainishwa na spiriti. Kanunua chupa duka la dawa, katia. Nikachungulia kikombe—vibonge! Vinavutika kama ulimbo. Nikamwambia, hiyo imekatika, mwanangu, kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Kabisha kwamba rangi siyo maziwa. Nikamwonyesha chupa ya praima yenyewe, anisomee maandishi madogo, macho yangu hayaoni vidudu vile. Kasoma. Imetengenezwa kwa maji! Sasa mtu wa maji unampa spiriti ya nini?

Langu: nikasema lete hapa, mimi nimepulizia pamba dawa miaka arobaini, nozeli ya bomba ikiziba tunaichokoa na mwiba wa mgunga. Nikachokoa. Ncha ya mwiba ikakatikia ndani.

Mabula jirani alikuja kuazima jembe, akakaa chini kabisa kucheka. "Shemeji, nozeli za bomba umeziua zote, sasa umehamia za wataalamu?"

Nikamwambia za kwangu nimeziua kwa kazi, bomba lake limekufa kwa kuning'inia ukutani. Jembe sikumpa.

Joyness hakucheka. Hakugomba pia. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Kazi yake ya kwanza, na bibi yake kaiziba kwa mwiba.

Jumatano, 16 Julai

Mwiba umetoka! Tuliloweka ncha ya kifaa kwenye maji ya moto, Joyness akausukuma kutokea nyuma, taratibu, kama kumtoa mtoto kibanzi. Nilipiga vigelegele. Jirani wakadhani ng'ombe kazaa.

Halafu nikawaza. Bomba la pamba haliumwi na nozeli, linaumwa na unachotia. Maji ya lambo tulikuwa tunachuja kwa kanga. Kwa hiyo: tikisa chupa mpaka mkono uchoke. Tia maji safi kidogo na matone ya dawa ya kulainishia iliyokuja na rangi, siyo spiriti. Chuja kwa soksi ya nailoni. (Soksi yangu ya kanisani. Mungu anaona, atanielewa.)

Na muda. Pamba hatukuwa tunapulizia saa sita mchana. Huku kiangazi rangi inakauka kwenye ncha ya sindano iliyo ndani ya kifaa kabla haijaruka. Kesho alfajiri, umande ukiwepo.

Alhamisi, 17 Julai

Imekubali!

Tulianza jua halijatoka. Joyness anapuliza mara tano, mimi nafuta ncha ya sindano na kitambaa kibichi. Mara tano, futa. Kikombe kikiisha, unapitisha maji matupu, ndipo unatia tena. Tabaka jembamba, subiri, tabaka jembamba. Ukitaka kufunika kwa mara moja, inachuruzika kama pua ya mtoto. Zahanati yote ikawa kijivu, laini, kila dirisha linaonekana. Kuku watatu nao kijivu. Kaniambia, "Bibi, wewe ni fundi." Mimi! Niliyejifunza herufi kwenye madaftari yake, yeye darasa la kwanza, mimi natwanga mahindi.

Nisingezijua herufi ningekuwa na amani leo.

Maana baada ya chai tulileta ubao wa chini, ule wenye ardhi. Umeandikwa kwa penseli. MTO. BARABARA. ZAHANATI. Nikafuata kwa kidole. Kutoka kona ya mto, pita kwa Mabula, pita josho, ndipo kwangu. Kidole kikafika kwangu. Pameandikwa MAEGESHO YA WAGENI.

Nikauliza, zizi langu liko wapi. Nikauliza, babu yako yuko wapi. Shigela kalala pale mlangoni kwangu miaka tisa. Sasa magari ya wageni yatapaki juu ya kifua chake?

Joyness alikuwa anajua. Tangu siku ya kwanza! Anasema ramani ya ofisi inaonyesha hapa ni pori. Alimwambia Sylvester, naye akajibu itarekebishwa kwenye mchakato. Akaogopa kazi itaenda kwa mwingine.

Nikamwambia: umekaa kwangu, umekunywa maziwa ya ng'ombe wangu, ukanifuta mezani kwangu mwenyewe.

Ijumaa, 18 Julai

Hatuongei. Nimempikia ugali na dagaa wa Lamadi. Anakula analia. Kula bwana, chumvi imetosha.

Jumamosi, 19 Julai

Nimeamka saa kumi na moja. Nikachukua mabaki ya plastiki na gundi yake. Nikatengeneza nyumba. Imepinda kidogo—ya kweli pia imepinda. Zizi nimelifanya kwa njiti za kiberiti. Kaburi kwa kipande cha kifutio, na msalaba wa sindano mbili. Nikabandika vyote juu ya MAEGESHO.

Nikageuka, Joyness kasimama mlangoni. Nikasema, ukitaka bandua. Ni kazi yako, na mimi ni bibi yako hata ukibandua.

Katikisa chupa. Kachuja kwa soksi. Kawasha kompresa. Akanipa kitambaa kibichi.

Mara tano, futa. Mara tano, futa. Ilipokauka, nyumba yangu na zahanati ni kijivu kimoja. Hujui kipi cha ofisi, kipi changu mimi Kwandu.

Jumapili, 20 Julai

Sylvester kaja kukagua wakati tunatoka kanisani. Kaletewa kigoda, kakataa, eti suruali itachafuka. Joyness kishapaka rangi zote, kuta nyeupe, bati bluu, nyasi kijani. Kasifia. "Very good. Very good." Halafu very good ikamkwama kooni.

"Hiki nini?"

Joyness akamjibu ni kaya.

"Kaya ya nani? Hapa ni maegesho."

Nikamsalimia kwetu, mwadila baba, nikamwambia umeegesha pikipiki yako kwenye hiyo kaya sasa hivi.

Hakunitazama. Kaanza kukwangua zizi kwa ukucha. Limegoma! Praima imeshika, rangi juu yake imeshika. Kakwangua mpaka ukucha ukapinda. Kaomba wembe. Nikasema wembe hapa ni wa kunyolea, na wewe umeshanyoa.

Akamgeukia Joyness, sauti ya chini, eti: binti, una maisha mbele. Sema ni bibi kabandika. Mzee, hajasoma, haelewi. Tutapiga rangi ya lami juu, yaishe, na kazi zijazo zote ni zako.

Mimi nikawa natazama ardhi. Kusema kweli nilitaka akubali. Ana miaka ishirini na nne. Mimi nina kaburi, yeye ana safari.

Joyness kasema: "Nimebandika mimi. Nimeenda, nimepima kwa futi. Ramani ndiyo haijafika."

Sylvester kasema tutaonana kesho. Kapiga pikipiki teke mara nne ndipo ikawaka.

Jumatatu, 21 Julai

Naandikia nyuma ya jiko la kina mama, ofisi ya kijiji.

Mgeni Rasmi kafika saa tano badala ya saa tatu. Hotuba. Ngoma. Hotuba ya kusifia ngoma. Modeli mezani, Sylvester kaweka chombo cha maua ya plastiki juu ya kaya yangu! Maua makubwa kuliko zahanati. Joyness kasogea, kayaondoa, kayashika kifuani kama bibi harusi. Watu wakacheka. Mgeni akainama, kavaa miwani.

Kauliza, "Hapa anakaa nani?"

Sylvester kajibu, "Hakuna mtu, Mheshimiwa. Ni pori. Hicho ni pambo tu."

Nilikuwa nyuma yake na sinia la karanga. Mabula akanitazama. Kina mama wakanitazama. Sikutupa sinia, ingawa nilipima. Nikaliweka chini, nikaja huku, maana nikifungua mdomo kwa hasira nitatukana, na nikitukana watasema unaona, pori.

Sasa kule kipaza sauti kinakwaruza. Ni sauti ya Joyness—inatetemeka, lakini inatoka. Haniiti bibi. Anaita jina langu lote, mbele ya watu wote. "Kwandu, mke wa Shigela. Anayekaa hapa. Apite mbele."

Anarudia tena.

Naenda. Ila kilemba changu nani kakikalia?