Karasha Alikuja Nilipomwita

Jumatano. Mawingu yamekaa juu ya kijiji tangu asubuhi na mvua haishuki. Ni lile joto la kabla ya mvua, kuku wamelala chini ya kihenge wameachama midomo.

Nimechoka. Si uchovu wa kazi, maana leo sijafanya kazi yoyote ya maana. Nimeloweka shuka kwenye beseni nikalisahau humo mpaka maji yakachacha, na mama hajanigombeza. Bega la kushoto linauma pale nilipochomwa sindano.

Karasha amekufa jana.

Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta tangu mchana. Sasa naiacha.

Kwa asiyemjua, Karasha alikuwa mbwa wetu, rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala. Baba alimleta ndani ya ndoo kutoka machimboni, upande wa Bugarama, anakochimba dhahabu na wenzake. Siku ile ile alitafuna mfupa wa ng'ombe mpaka ukawa unga, baba akacheka akasema hii ni karasha kabisa, mashine ile ya kusagia mawe. Jina likabaki. Wageni walikuwa wanashangaa kusikia mtu anaita mashine ije kula.

Alipokua, kazi yake ilikuwa kutembea nyuma ya ng'ombe. Tangu nimalize mtihani wa kidato cha nne, kazi yangu ikawa kutembea nyuma yake, huku nasubiri matokeo.

Mimi si mwongeaji. Shuleni nikiulizwa swali nilikuwa nasimama na kutazama sakafu mpaka mwalimu achoke amgeukie mwingine. Hata dukani nanyoosha kidole. Lakini malishoni nilikuwa naongea na Karasha tangu tunatoka mpaka tunarudi. Nilimweleza sababu za Vita vya Majimaji akapiga miayo. Nilimweleza kuhusu shangazi wa Mwadui anayetaka niende kumsaidia dukani kwake, na kwamba naogopa wateja. Sauti niliyokuwa natumia kwake siitumii kwa mtu mwingine yeyote. Sijui hata inatoka wapi.

Jumapili hakula. Alijilaza chini ya kihenge na hakutufuata malishoni. Nilidhani ni joto.

Jumatatu alianza kutokwa na mate na kuyumba kama mlevi.

Hapa kwetu mnyama akitokwa na mate na kuyumba, hakuna anayejiuliza mara mbili. Kuna mwalo ng'ambo ya korongo, mahali wanapooshea mchanga wa dhahabu, na maji yanayotoka pale yana zebaki na sijui nini kingine. Mwaka jana bata wa jirani yetu, Mama Shija, waliyanywa wakafa wote kwa siku moja. Kwa hiyo baba alipomwona Karasha alisema tu, "Huyu kanywa maji ya mwaloni," na mama akaenda kukamua.

Sumu dawa yake maziwa. Kila mtu hapa anajua hivyo. Mama alimpanua taya kwa mikono yake, mimi nikamimina kwa kikombe. Maziwa yalirudi yote pamoja na mate mazito, yakatutiririka mpaka viwikoni. Tukamimina tena. Mama alikuwa akimbembeleza kwa Kisukuma, kwa maneno yale yale anayompa ndama asiyetaka kunyonya. Vidole vyake vimejaa mipasuko ya jembe. Mimi nilikuwa na mkwaruzo wa miiba. Hatukuwaza lolote. Tuliona tu kwamba hamezi, na tukaona tusipojitahidi atatufia mikononi.

Hatukujua tunachokishika.

Jana asubuhi niliamshwa na sauti ambayo sikuijua. Ilikuwa kama kubweka, ila imepasuka na inaishia juu, kama mtu anayeanza kulia. Nilitoka nje kuangalia ni mbwa wa nani.

Alikuwa wetu. Anatafuna gogo la zizi na fizi zinatoka damu, na haachi hata baba alipomwita. Mama alipopita na ndoo ya maji alimrukia. Meno yalishika kitenge, kikachanika kuanzia kiunoni mpaka chini, mama akaanguka na ndoo ikamwagika. Maji yalipomfikia miguuni Karasha alitetemeka mwili mzima, akarudi nyuma na kukimbilia upande wa pili wa zizi.

Baba aliyaona yale maji. Akatoa simu na kumpigia bibi mifugo wa kata. Simu yake ina sauti kubwa, unasikia kila kitu hata ukiwa mbali. Alipomaliza kueleza, bibi mifugo hakuuliza kuhusu mbwa. Aliuliza, "Nani amemshika?"

Baba alitutazama mikono, mimi na mama.

Akauliza kama alichanjwa. Hapana. Zoezi la chanjo lilipopita kijijini Karasha alikuwa bado hajaletwa, na tangu hapo halijapita tena. Akauliza kama aliwahi kuumwa na mbwa mwingine. Hapo mimi ndiye niliyekumbuka. Wakati tunalima, mbwa mgeni alikuja zizini, mwembamba, mkia chini, na Karasha akapigana naye. Alitoka na kidonda kidogo kwenye lile sikio lililolala. Kilipona, tukasahau.

"Msimsogelee," bibi mifugo akasema. "Nakuja."

Lakini Mama Shija alikuwa ameshaona kitenge kilichochanika. Alipiga mwano, yale mayowe ya Kisukuma ya kuita watu kwenye hatari, na mwano ukisikika hakuna anayebaki ndani. Walikuja kutoka kila upande wakiwa na fimbo, mapanga na mipini ya majembe. Sungusungu, wale walinzi wa kijiji, walitangulia. Wanafanya kazi yao, siwalaumu. Kuna watoto kijijini.

Nilijua watakachofanya, maana nimewahi kukiona. Mbwa anazungukwa, anapigwa mpaka mtu mmoja aseme basi, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema. Inachukua muda mrefu.

Kamanda wa sungusungu ni mzee mrefu anayeitwa Masanja. Alifika kwenye mlango wa zizi na kunikuta nimesimama pale. Sikumbuki nilivyofika.

"Binti, toka hapo."

Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Shikamoo baba."

Watu walicheka. Mwenye panga alicheka, mwenye fimbo alicheka. Mzee Masanja mwenyewe alibaki ameinua rungu, hana la kufanya, akalishusha na kujibu, "Marahaba."

"Kumbe anaongea!" sauti ya mwanamke ikasema nyuma. "Nilijua huyu ni bubu."

"Muacheni aongee basi, huenda harudii tena mpaka aolewe," akadakia mwingine.

Uso uliniwaka. Siku nyingine yoyote ningekimbilia ndani. Nikasema kwamba naomba wasimpige. Bibi mifugo anakuja na sindano. Nitamwita mimi, ataingia kwenye kibanio, na pale atachomwa.

Kibanio ni ule ujia mwembamba wa miti pembeni ya zizi, ambamo ng'ombe huingia mmoja mmoja wakati wa chanjo na kufungiwa miti mbele na nyuma wasigeuke.

"Mbwa mwenye kichaa haitiki mtu," mzee Masanja akasema. Hakusema kwa ukali. "Hakujui tena, mwanangu."

"Akikataa, mpigeni."

Ndiyo, nilisema hivyo. Mimi.

Baba akaja akasimama karibu yangu. Hakunitetea wala hakuniambia nitoke. Alimwambia mzee Masanja, "Tumsubiri huyo mama, kamanda. Zungukeni zizi, hatatoka." Wakazunguka. Mmoja wao aliendelea kugonga nguzo kwa fimbo mpaka akaambiwa aache.

Bibi mifugo alifika na pikipiki, mwembamba, buti zimejaa matope. Alimtazama Karasha kwa muda mfupi tu. Akavaa glovu ndefu, akatayarisha sindano, akatoa mti wenye panda mbele. Akaniambia nisimame mwisho wa kibanio, nje ya miti, nisiingize hata kidole. Baba akae nyuma na gogo la kufungia.

"Muite," akasema.

Watu wote walikuwa wananitazama, na mimi nilitakiwa kutoa ile sauti. Nilijaribu kumwita kwa sauti ya kawaida, kama mtu mwingine yeyote angeita. Hakugeuka. Aliendelea kutafuna gogo.

Basi nikachuchumaa, nikafumba macho ili nisiwaone watu, nikamwita kama malishoni. Kara, Kara, Kara. Njoo tuondoke. Njoo, ng'ombe wameshatangulia.

Kutafuna kukakoma.

Nilipofumbua macho alikuwa anakuja. Miguu ya nyuma inapishana, mate yananing'inia, macho yanatazama mahali ambapo sikuwa. Aligonga nguzo ya kwanza kwa bega, akarudi, akaingia. Alipita mle kibanioni polepole, kichwa chini, kama alivyokuwa akipita nyuma ya ng'ombe wa mwisho. Niliendelea kumwita mpaka niliposikia gogo la baba likianguka nyuma yake.

Nilimwahidi tunaondoka.

Bibi mifugo alimbana kwa ule mti wenye panda na kumchoma. Alibweka kwa ile sauti iliyopasuka mara moja, akajaribu kung'ata mti, kisha miguu ikalegea. Alilala kichwa kikiwa upande wangu. Baadaye mzee Masanja akawaambia watu, "Haya, mwano umekwisha. Nendeni mkale." Wakaondoka wakiburuta fimbo zao. Mama Shija alibaki. Alikaa chini pembeni ya mama, akaanza kushona kile kitenge mama akiwa amekivaa hivyo hivyo, na wote wawili walikuwa wanalia.

Bibi mifugo alisema azikwe chini sana, fisi wasimfukue. Baba hakutaka msaada. Alichimba kama anavyochimba machimboni, pembe nne zimenyooka, kuta hazina hata nundu. Alizama mpaka nikaona kofia tu. Ni yeye ambaye alikuwa akisema mbwa ni wa nje na asizoeshwe. Alipotoka alisimama pembeni ya shimo akihema, akasema, "Kule tunachimba tukitafuta kitu. Sijawahi kuchimba ili niweke."

Mchana mimi na mama tulipelekwa kituo cha afya. Nesi alituosha mikono kwa sabuni kwa muda mrefu sana, kisha akatuchoma. Tutarudi tena, na tena. Alisema tumewahi, tukimaliza sindano zote tutakuwa salama. Mama alimshukuru. Njiani alinishika mkono wakati wote, kitu ambacho hajafanya tangu niko darasa la pili au la tatu.

Leo asubuhi ng'ombe hawakutaka kutoka. Walisimama mlangoni wakisubiri wa kuwasukuma. Nikawasukuma mwenyewe, nikawarudisha mapema.

Kuna jambo moja linalozunguka kichwani mwangu na ndilo limenifanya niandike. Kabla hajapanda pikipiki, bibi mifugo aliniona nimekaa, akaniambia nisijisumbue. Ugonjwa ule ukishapanda kichwani, mbwa hamjui mtu. Alifuata sauti tu, kama angefuata kelele yoyote. Aliniambia kwa wema, na amesoma, na ameona mbwa wengi.

Nilipomweleza mama, alisema, "Mbona baba yako alimwita hakugeuka? Mbona Mama Shija alipiga mayowe hakugeuka? Alikujua, mayu." Mayu ni mama kwa Kisukuma, huniita hivyo akinibembeleza.

Tangu jana naenda huku na kurudi. Kama hakunijua, basi sikumdanganya. Hakukuwa na wa kudanganywa, nilikuwa kelele tu, na naweza kulala. Kama alinijua, basi ndani ya maumivu yale yote aliisikia sauti yangu, akaacha alichokuwa anafanya, akaikokota ile miguu mpaka kwangu akiamini tunakwenda malishoni. Na mimi nilikuwa nimemwekea sindano.

Nimejiuliza ningependa lipi liwe kweli. Nilidhani ningechagua la bibi mifugo. Ni jepesi zaidi, na nimechoka.

Lakini siwezi. Nikilichukua hilo, Karasha anakuwa amekufa peke yake katikati ya watu wote wale. Sitaki afe peke yake ili mimi nipate usingizi.

Basi alinijua. Nitalibeba hivyo.